Abeti Masikini: binti wa Kisangani aliyebeba jina la mama yake mupaka Olympia

Mutu yeyote anayesikia Kiswahili anajua neno masikini. Ni mutu asiye na kitu, ao mutu wa kuonewa huruma. Mwezi wa pili 1973, binti wa miaka 18 mwenye jina hilo alipanda ku jukwaa la Olympia, ukumbi mukubwa wa muziki kule Paris, pahali ambapo Édith Piaf alikuwa amejaza viti usiku kwa usiku miaka 12 mbele yake. Wafaransa walisikia jina tamu la kigeni, basi. Mutu wa Kisangani ao wa Yangambi angesikia kitu kingine kabisa: mutoto wa huku kwetu, amesimama mbele ya watu wa Ulaya, na hajaficha kwamba anaitwa Masikini.

Leo radio ikicheza nyimbo za zamani, Abeti anapita mara moja moja, katikati ya Franco na Tabu Ley, kisha wimbo unaisha na habari zinaendelea. Vijana wengi wanamujua Mbilia Bel. Wanamujua Tshala Muana. Lakini njia ambayo wamama hao walipitia, Abeti ndiye aliyeifyeka, na alitoka hapa hapa, kilometa karibu 100 tu juu ya muto kutoka Yangambi.

MUTOTO WA FINANT

Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 1954. Kisangani iliitwa bado Stanleyville, na yeye mwenyewe aliandikwa Élisabeth Finant. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mutu wa siasa, mufuasi wa Patrice Lumumba. Lumumba alikuwa amefanya kazi ya posta katika muji huo, na chama chake, MNC, kilikuwa na mizizi Stanleyville kuliko pahali pengine pa inchi. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 chama kilishinda Jimbo la Mashariki kwa wingi, na Finant akawa prezidenti wa serikali ya jimbo. Ni kusema, siku uhuru ulifika, tarehe 30 mwezi wa sita, binti huyu alikuwa mutoto wa mukubwa wa jimbo zima, kutoka Ituri na Uele mupaka huku Isangi.

Haikudumu. Mbele mwaka ule kuisha, Finant alikuwa amekamatwa. Mwezi wa kwanza 1961 Lumumba aliuawa kule Katanga. Mwezi wa pili Finant na wafuasi wengine wa Lumumba walipelekwa Bakwanga, muji unaoitwa leo Mbuji-Mayi, na huko nao wakauawa. Stanleyville ililipiza: wafungwa wa siasa waliokuwa katika mikono ya serikali ya upande wa Lumumba walipigwa risasi. Abeti alikuwa na miaka sita na miezi mitatu.

Mambo haya yanaachwa kando haraka wakati watu wanazungumza juu ya muziki. Watu wanataka kusikia juu ya Paris, nguo na makofi. Lakini wapenzi wake wengi wanasema kwamba kuna kilio ndani ya sauti ile hata wakati wimbo ni wa kucheza, na si lazima kwenda mbali kutafuta kilitoka wapi.

Mama, Marie Masikini, alibaki mujane na watoto. Familia ilihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo. Binti alisoma kwa masista, ku Lycée Sacré-Cœur ya Gombe, ile inayoitwa sasa Lycée Bosangani. Alipomaliza, alipata kazi ya sekretere katika ofisi ya waziri wa utamaduni, Paul Mushiete. Kwa binti wa wakati ule, tena binti asiye na baba, hiyo ilikuwa kazi ya kushukuru Mungu. Mushahara uko, heshima iko, ofisi ni ya serikali. Aliiacha juu ya muziki.

Halafu jina likabadilika. Mwezi wa kumi 1971 Mobutu aliita inchi Zaïre, na mwaka uliofuata majina ya kizungu yakakatazwa. Élisabeth haikuwezekana tena, Finant haikuwezekana tena. Betty, jina la kumubembeleza, likageuka Abeti, na pahali pa jina la baba likakaa la mama. Wakati ule watu wengi walijichagulia majina ya mababu wenye nguvu, majina marefu yanayojaza kinywa. Yeye alichukua Masikini. Kaka yake, mupiga gitaa, naye akachukua hilo hilo, ndio maana diski zinamuandika Abumba Masikini. Inawezekana kuona hapo amri ya serikali tu, na amri ilikuwa kweli. Lakini angalia matokeo yake: jina la mujane wa Stanleyville ndilo liliandikwa ku diski na kuvuka bahari, na jina la prezidenti wa jimbo likabaki katika vitabu vya historia.

VITI VITUPU

Mwaka wa 1971 mwimbaji Gérard Madiata alipanga shindano ku Kinshasa la kutafuta vijana wenye kipaji. Abeti aliingia, akatoka wa tatu. Wa tatu si wa kwanza, lakini kulikuwa mutu aliyesikia vizuri: Gérard Akueson, Mutogo, mwimbaji na mutoaji wa diski. Akueson alikuwa amekwisha kufanya kazi na Bella Bellow, yule mwimbaji wa Togo ambaye Afrika ya Magharibi yote ilimupenda na ambaye alikufa katika ajali ya motokari mwezi wa kumi na mbili 1973. Alijua namna ya kusimamisha mwanamuke peke yake mbele ya mikro. Alichukua kazi ya Abeti mukononi, na kisha akawa mume wake.

Tamasha yake ya kwanza ku Kinshasa, mwaka wa 1972 ndani ya sinema Palladium, ilikuwa aibu. Waliokuja walihesabika ku vidole. Mutu anaweza kushangaa, lakini fikiria Kinshasa ya wakati ule. Ilikuwa muji wa orkestra kubwa: Franco na O.K. Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Verckys na Vévé, na nyuma yao vijana wa Zaïko Langa Langa wanaokuja na fujo yao. Wanaume wanne ao watano wanaimba pamoja, magitaa matatu yanajibizana, kisha inafika sebene na kila mutu anaacha chupa yake ku meza na kusimama. Mwanamuke alikuwa muchezaji, ao alikuwa yule ambaye wimbo unaimbwa juu yake. Kweli, Lucie Eyenga alikuwa ameimba na Rock-a-Mambo katika miaka ya 1950 na watu walimupenda sana, lakini hata yeye aliimba ndani ya orkestra ya wanaume. Binti anayekuja mwenyewe, na jina lake mwenyewe ku afishi, anaimba polepole bila sebene ya nusu saa: Kinshasa haikujua imuweke wapi.

Akueson alifanya hesabu ingine. Alimutoa kwanza inje, katika inchi za Afrika ya Magharibi, ambako watu hawakuwa wanangojea sebene. Huko walimupokea. Na Kinshasa, kama ilivyo desturi yake, ilianza kumupenda iliposikia kwamba wengine wanamupenda.

OLYMPIA, CARNEGIE HALL, NA UWANJA WA 20 MEI

Mukubwa wa Olympia, Bruno Coquatrix, alikuwa amekwisha kupokea Mukongomani mumoja: Tabu Ley Rochereau, mwezi wa kumi na mbili 1970. Abeti alifuata miaka miwili na zaidi kidogo nyuma. Mwaka ule ule wa 1973 ilitoka diski yake kubwa ya kwanza, na ilibebwa na jina ambalo halikuwa la muziki hata kidogo, Pierre Cardin, mushona nguo mukubwa wa Paris, ambaye alikuwa na ukumbi wake na diski zake. Ndani yake kuna Bibile, kuna Aziza, na kuna Mutoto Wangu.

Simama kidogo ku jina hilo la mwisho. Haikuandikwa Mtoto Wangu, kama ingekuwa Dar es Salaam ao Nairobi. Iliandikwa Mutoto, vile mama wa Kisangani anavyoita mutoto wake. Ku diski iliyotengenezwa Paris, chini ya jina la mushona nguo wa matajiri, Kiswahili cha soko la Kisangani kilikaa na hakuna aliyekisahihisha.

Mwaka wa 1974 aliimba New York, ku Carnegie Hall, ukumbi wa viti zaidi ya 2,800 ambao ulifunguliwa 1891. Mwezi wa tisa wa mwaka ule dunia ilikuja Kinshasa. Muhammad Ali na George Foreman walipaswa kupigana tarehe 25; Foreman akapasuka karibu na jicho katika mazoezi, na vita yao ikasukumwa mupaka tarehe 30 mwezi wa kumi. Lakini tamasha ya muziki haikungojea. Kutoka tarehe 22 mupaka 24, katika uwanja wa 20 Mei, walipita James Brown, Celia Cruz, Bill Withers, Miriam Makeba, na pamoja nao Franco, Tabu Ley, Abeti na kaka yake Abumba. B.B. King pia alikuwepo na gitaa yake, mufalme wa blues mwenyewe. Siku chache hizo, jukwaa moja lilibeba blues ya Mississippi na sauti ya Stanleyville. Abeti hakuwa na miaka 20 bado.

JE, HIYO NI BLUES?

Wengi walioandika juu ya Abeti wa miaka ile walitumia neno blues. Huku kwetu neno hilo halina pahali pa kukaa sana. Watu wanajua rumba, wanajua soukous, wanajua ngoma za kwao. Inafaa kulieleza.

Blues ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa. Kwa kawaida ubeti wake unapita ndani ya vipande 12 vya mapigo manne manne. Mwimbaji anasema neno lake, analirudilia, kisha anatoa jibu. Noti zingine zinainamishwa kidogo, hazikai pahali ambapo piano inazitaka, na hapo ndipo uchungu unasikilika. Watu wanafikiri blues ni muzee mwenye gitaa na kofia. Lakini wa kwanza kuuza blues ku diski walikuwa wanawake. Mamie Smith aliingia studio New York mwezi wa nane 1920, akarekodi Crazy Blues, na watoaji wa diski wakashangaa kuona watu weusi wanavyoinunua. Mwaka wa 1923 wakafuata Ma Rainey na Bessie Smith. Waliimba juu ya mwanaume aliyeondoka na yule aliyerudi saa mbaya, juu ya kodi ya nyumba, pombe, wivu. Bessie Smith aliimba hata juu ya maji yanayofurika na kufukuza watu ku nyumba zao. Mutu anayekaa kando ya muto Congo hahitaji kutafsiriwa wimbo wa namna hiyo.

Bessie Smith alikufa mwezi wa tisa 1937, juu ya ajali ya motokari ku barabara ya Mississippi. Mwaka uliofuata, tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili, ilipangwa tamasha kubwa ya muziki wa watu weusi na ikatolewa kwa ukumbusho wake. Pahali: Carnegie Hall. Miaka 36 kisha, binti wa Finant alisimama katika ukumbi ule ule.

Sasa, kwa kipimo cha vipande 12, Abeti hakuwa mwimbaji wa blues. Ni lazima kusema hivyo wazi, sababu kuna watu wanaopenda kumupa jina hilo kama medali. Walimu wake walikuwa Piaf, Makeba, Bella Bellow, na wale wamama wa soul wa Marekani kama Aretha Franklin, na soul ni mutoto aliyezaliwa na blues na kanisa. Kilichofika kwake kupitia njia hiyo ni namna ya kusimama. Anavuta neno, analiacha lining'inie, kisha analivunja kidogo mbele lifike mwisho. Anaanza chini kabisa ya sauti na hapandi mupaka atake. Na anasema mimi. Katika rumba ya wakati ule mwanamuke aliimbwa: ni muzuri, ni mubaya, ameniacha, nitamufia. Abeti aliposhika mikro, yule aliyekuwa anaimbwa akaanza kujibu.

Kuna upande mwingine ambao Wazungu hawakuuona, sababu hawakuujua. Mutu aliyekaa ku matanga huku Tshopo, usiku, wakati wamama wanaanza kulia kwa wimbo, mumoja anatoa neno na wengine wanamujibu, anajua kwamba kitu hicho kilikuwa hapa mbele ya diski na mbele ya Mamie Smith. Hakuna haja ya kusema kwamba blues ilitoka Kisangani. Inatosha kusema kwamba mutoto wa hapa akisikia sauti ya Marekani inayolia bila kuomba huruma, haimushangazi.

Na si Congo tu. Upande wa pwani, Siti binti Saad wa Unguja, binti wa familia fukara, alikwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, wakati ule ule wa Bessie Smith. Wote wawili walikuwa wanawake ambao jamaa ya wakubwa isingewakaribisha mezani, na wakubwa wakanunua diski zao.

MUKUBWA WA ORKESTRA

Abeti alikuwa na orkestra yake, Les Redoutables, ni kusema wale wa kuogopwa. Neno yake hapa ni muhimu kuliko jina. Mwanamuke ndiye alikuwa mwenye orkestra, na wanaume walipiga magitaa nyuma yake. Alikuwa pia na wachezaji wake wanawake, Les Tigresses, na yeye mwenyewe waliandika kwamba ni tigresse mwenye makucha ya dhahabu. Myama huyo hayuko katika pori letu. Kwetu tungesema chui, na chui angefaa zaidi.

Ilikuwa kazi yenye kuchafua jina. Wakati ule, na tuseme ukweli hata leo katika nyumba nyingi, binti akisema anataka kuimba, wazazi wanasikia kwamba anataka kuwa ndumba. Jukwaa, usiku, pombe, wanaume. Abeti alipita hapo na elimu ya masista, na meneja ambaye ni mume wake, na nguo ambazo hakuna aliyeweza kuzisema vibaya bila kuziangalia mara mbili. Wengine walimuona ni mwenye kujivuna. Labda alikuwa. Mutu anayetembea mbele ya wengine katika njia isiyofyekwa hawezi kutembea akiinamisha kichwa.

Ndani ya kundi lake walipita watu. Mbilia Bel alianza huko akiwa binti mudogo bado, nyuma ya Abeti, kabla ya kuchukuliwa na Tabu Ley ku Afrisa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuwa sauti ambayo Nairobi na Dar es Salaam pia walilala nayo na kuamuka nayo. Lokua Kanza, mutoto wa Bukavu ambaye baadaye angekuwa na jina Ulaya, naye alipiga gitaa kwa Abeti. Mutu akiuliza ushawishi wa mwimbaji ni nini, hilo ni jibu zuri kuliko hesabu ya diski.

Pembeni yake alisimama M'Pongo Love, ambaye polio ilimugonga ku miguu tangu utoto na ambaye alitoka na orkestra yake katikati ya miaka ya 1970. Wakongomani wanapenda kushindanisha watu, kwa hiyo kulikuwa kambi mbili. Kambi hizo hazina faida tena. Kitu cha kukumbuka ni kwamba mwaka wa 1970 swali lilikuwa kama mwanamuke anaweza kuongoza, na kufika 1976 swali lilikuwa ni nani kati yao anaongoza vizuri zaidi. Tshala Muana alitoka katika wachezaji wa M'Pongo Love, sawa vile Mbilia Bel alivyotoka kwa Abeti.

HASIRA ILIYOUZA

Miaka ya 1980 uchumi wa Zaïre ulikuwa mubaya, na wanamuziki walikuwa wanaondoka mumoja mumoja. Abeti na Akueson waliondoka pia, na Paris ikawa makao. Huko muziki ulikuwa umebadilika: soukous ya haraka, ngoma za mashine, hakuna tena mwanzo wa polepole. Mwaka wa 1986 ilitoka Je suis fâché. Ni kusema, nimekasirika. (Mwalimu wa Kifaransa atauliza kwa nini mwanamuke anakasirika kwa herufi za kiume. Hakuna muchezaji aliyeuliza.) Wimbo ulipita Afrika yote inayosema Kifaransa, ukaingia katika Antilles, na watu ambao hawakuwahi kusikia Bibile wakajua Abeti ni nani. Kisha ikafuata Scandale de jalousie, tena juu ya wivu, tena ikauza. Mwaka wa 1988 alijaza Zénith ya Paris, ukumbi wa watu zaidi ya 6,000, na mwaka wa 1989 akaenda kuimba China.

Hapa wapenzi wake hawasikilizani. Wamoja wanasema Abeti wa kweli ni wa 1973, yule wa sauti na gitaa, na kwamba soukous ya Paris ilimufunika. Wengine wanasema hakuna mutu anayekula makofi ya Wafaransa, na ni Je suis fâché ndiyo iliingia ku baa, ku arusi, ku nyumba za watu. Wote wana haki kidogo. Diski ya 1973 ni kubwa kuliko zote zilizofuata. Mutu akiisikia leo haiko ya zamani. Lakini Mamie Smith na Bessie Smith nao waliimba juu ya hasira na wivu, na watu wao walizinunua sababu ndizo habari za nyumbani. Kwa njia hiyo Je suis fâché, na mashine zake zote, iko karibu na blues kuliko inavyoonekana.

Mwaka wa 1990 bado alitoa diski. Kisha ugonjwa. Alikufa tarehe 28 mwezi wa tisa 1994, ku hospitali ya Villejuif, karibu na Paris, juu ya kansa ya kizazi. Alibakiza wiki sita afikishe miaka 40. Mwili ulirudishwa Kinshasa, na makaburi yake yako Gombe, eneo lile lile ambako alisoma kwa masista.

Mwaka wa 2015 Laura Kutika na Ne Kunda Nlaba walitoa filamu juu ya maisha yake, Abeti Masikini: le combat d'une femme. Na mwaka wa 2017 kanda za ile tamasha ya 1974, ambazo Hugh Masekela na Stewart Levine walikuwa wamezichunga, zilitolewa hatimaye ku diski, upande wa wasanii wa Afrika. Abeti yuko ndani, na Abumba yuko ndani.

Kwa mutu anayetaka kuanza kumusikiliza, ni vizuri asianze na Je suis fâché, hata kama ndiyo rahisi kupata. Aanze na Bibile, peke yake, usiku, wakati jenereta ya jirani imezimwa. Kisha Mutoto Wangu. Kisha Aziza, sababu hapo anaonyesha kwamba alijua pia kuchezesha watu wakati alitaka. Likayabo, ya katikati ya miaka ya 1970, ina jina la samaki wa chumvi, na wamama wa soko watacheka mbele wimbo haujaanza. Ile ya 1986 itafika yenyewe. Ku arusi yoyote yenye wazazi wa miaka 50 na zaidi, iko mutu ambaye ataiomba.